Uvimbe wa Taya: Darubini Peke Yake Haitoshi

Kinyama kimoja kilichokatwa kwenye taya kinaweza kuandikiwa majibu matatu tofauti na wataalamu watatu, na pasiwe na hata mmoja wao aliyezembea. Chini ya darubini wote wanaona kitu kilekile: tishu ya nyuzinyuzi, na ndani yake vipande vya mfupa mchanga visivyo na mpangilio. Wa kwanza ataandika displasia ya nyuzi, ugonjwa ambao mara nyingi huachwa utulie wenyewe. Wa pili ataandika fibroma inayojenga mfupa, ambayo tiba yake ni kuitoa yote. Wa tatu ataandika displasia ya simenti na mfupa, ambayo haikupaswa kuguswa kabisa. Mgonjwa ni yuleyule na kinyama ni kilekile, ila sasa ana maelekezo matatu yanayopingana.

Basi ugonjwa adimu wa mfupa wa taya hutambuliwaje, na kwa nini hukosewa mara nyingi hivyo? Ni rahisi kulaumu uhaba wa mashine. Ukifuatilia ugonjwa mmoja mmoja, hata hivyo, utaona kwamba kosa kubwa liko kwingine: taarifa za mgonjwa mmoja zimegawanyika kwa watu watatu wasiokutana. Yuko aliyemhoji na kumpapasa, yuko mwenye picha, na yuko mwenye darubini. Kila mmoja ameshika theluthi ya jibu.

Kwa nini taya lina mambo yake

Taya ni mfupa unaoishi jirani na uchafu. Meno yameota ndani yake yakachomoza hadi kinywani, kwa hiyo bakteria wana njia ya kufika mfupani ambayo hawana kwenye paja wala mkononi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya uvimbe wa mataya hutokana na jino bovu au fizi zenye maradhi, na daktari wa meno anayeanza kulishuku jino hajakosea. Hukosea pale anapoishia hapohapo.

Njia wanayopita wagonjwa wengi wenye ugonjwa adimu inafanana. Shavu linavimba polepole, bila maumivu ya kutisha. Zahanati inatoa antibayotiki na dawa za maumivu. Uvimbe haupungui, na jino la karibu linang'olewa. Miezi inapita, linang'olewa la pili. Anapofika hospitali ya rufaa ameshapoteza meno mazima, na mashimo yaliyoachwa yamewafungulia bakteria mlango wa kuingia kwenye mfupa ambao hapo mwanzo haukuwa na tone la usaha. Daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso sasa ana magonjwa mawili mbele yake: lile adimu, na lile lililotengenezwa njiani.

Jambo la pili ni kwamba taya limebaki na masalia ya seli zilizotengeneza meno, na seli hizo zinaweza kuzaa uvimbe wa aina zake. Tafiti zilizofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, zimeonyesha kuwa ameloblastoma ndiyo inayoongoza katika kundi hilo. Huo si ugonjwa adimu kwetu, na kwa sababu hiyo daktari wa Afrika Mashariki anayeona taya limetanuka huifikiria upesi, wakati mwingine upesi mno.

Hata wataalamu wa dunia hawajamaliza mabishano yao. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa uainishaji wake wa kwanza wa uvimbe unaotokana na meno mwaka 1971. Keratosisti, kifuko ambacho hula taya kimyakimya, ilihamishiwa kundi la uvimbe halisi mwaka 2005, kisha ikarudishwa kundi la vifuko mwaka 2017. Ikiwa wanaotunga orodha huhama hivyo, daktari aliye peke yake wilayani asitarajiwe kutoa jibu kwa kutazama mara moja.

Maswali yanayotangulia picha

Umri ndio unaopunguza orodha ya magonjwa yanayoshukiwa kuliko kitu kingine chochote. Mtoto wa miaka mitatu au minne ambaye mashavu yote mawili yanajaa kwa pamoja humfanya daktari afikirie kerubizimu. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1933 na William A. Jones wa Kanada, aliyeuona kwa ndugu wa familia moja ambao nyuso zao zilimkumbusha makerubi wa michoroni. Kijana wa miaka 12 anayevimba upande mmoja tu, taratibu, bila maumivu, huelekeza kwenye displasia ya nyuzi. Mwanamke wa miaka 45 asiye na uvimbe wowote, ila picha imeonyesha vivuli chini ya mizizi ya meno ya mbele, ni habari nyingine kabisa, nayo tutaifikia.

Swali la pili ni kasi. Magonjwa mengi ya mfupa yanayozungumzwa hapa hupimwa kwa miezi na miaka. Uvimbe unaoongezeka kwa siku ni wa kukimbizana nao. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto wa kiume aliyevimba pande zote nne za mataya, juu na chini, kulia na kushoto. Haikuwa kawaida kwa usaha wala kwa saratani alizozijua. Muda si mrefu akaona mtoto mwingine mwenye hali hiyo huko Jinja. Alichapisha taarifa yake mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali kwa hospitali hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza swali moja: mnauona uvimbe huu? Ramani iliyotokana na safari hiyo ilionyesha kuwa ugonjwa unafuata maeneo yenye joto na mvua, yaleyale ya malaria. Limfoma ya Burkitt ni saratani ya seli za damu, si ugonjwa wa mfupa, lakini ndiyo ya kwanza kuondolewa shaka kila mtoto wa ukanda huu anapovimba taya kwa haraka. Hukua kwa kasi kubwa mno, na husikia dawa vizuri ikiwahiwa.

La tatu ni ganzi. Mgonjwa akisema mdomo wa chini na kidevu vimekufa ganzi, na hajachomwa sindano wala kung'olewa jino, hilo si la kuandikiwa dawa na kurudishwa nyumbani. Uvimbe usio wa saratani, hata ukiwa mkubwa, kwa kawaida husukuma mshipa wa fahamu bila kuuzima, saratani huuvamia. Saratani ya mfupa ya taya huwapata zaidi watu wa miaka ya thelathini, takriban muongo mmoja baada ya umri ambao saratani hiyohiyo hushambulia mifupa ya miguu. Hata hivyo ganzi ya kidevu inaweza pia kutokea kwa mgonjwa wa selimundu ambaye damu imeshindwa kupita kwenye taya wakati wa maumivu makali. Kwa Tanzania, Uganda na Kenya, ambako selimundu ni ugonjwa wa kila siku, swali kuhusu selimundu halina budi kuulizwa.

La nne ni dawa na kazi. Katika karne ya 19 wafanyakazi wa viwanda vya viberiti barani Ulaya walioza mataya kwa sababu ya fosforasi nyeupe, hadi mkataba wa Berne wa mwaka 1906 ukapiga marufuku viberiti vya aina hiyo. Mwaka 2003 madaktari walianza kuripoti kitu kinachofanana na hicho kwa wagonjwa waliokuwa wakipewa dawa za kundi la bisfosfoneti, zile za kuimarisha mifupa au kuzuia saratani ya matiti na ya tezi dume isiile. Mfupa wa taya ukikaa wazi kinywani zaidi ya wiki nane kwa mtu aliyetumia dawa hizo, na hajawahi kupigwa mionzi tayani, jibu limeshapatikana kwa kuuliza tu. Asipoulizwa, atasafishwa kidonda mara kwa mara, na kila usafishaji unaweza kukipanua.

Picha inasema nini

Picha ya OPG, ile inayoonyesha mataya yote mawili kwa mkupuo, bado ndiyo mlango. Anayeisoma vizuri haanzi na uvimbe wenyewe bali na mpaka wake. Displasia ya nyuzi haina mpaka: mfupa wenye ugonjwa unayeyukia kwenye mfupa mzima, na rangi yake ni ukungu wa kijivu unaolingana, kama kioo cha dirisha la bafuni. Fibroma inayojenga mfupa ina ukingo unaoweza kufuatiwa kwa kalamu, na hutanuka kuelekea pande zote kama mpira. Tofauti hiyo ya mpaka, ambayo darubini haiwezi kuiona kwenye kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, ndiyo inayoamua kama mgonjwa atafanyiwa upasuaji au atafuatiliwa kliniki.

Kisha hutazamwa mfereji wa mshipa wa fahamu ndani ya taya la chini. Uvimbe mwingi huusukuma chini. Displasia ya nyuzi inaweza kuusukuma juu, jambo ambalo magonjwa mengine hulifanya kwa nadra. Hutazamwa pia kile kistari cheupe chembamba kinachozunguka mzizi wa kila jino. Kikiwa kimefutika kwenye meno yote, tatizo huenda haliko tayani hata kidogo, liko kwenye homoni. Na nafasi nyembamba kati ya jino na mfupa ikitanuka sawasawa kuzunguka jino lisilo na ugonjwa wa fizi, saratani ya mfupa lazima ifikiriwe hata kama uvimbe bado ni mdogo.

Kabla ya kisu, sindano. Daktari makini huchoma uvimbe na kuvuta kwanza. Akipata maji ya rangi ya majani makavu, mara nyingi ni kifuko. Asipopata kitu, huenda ni uvimbe wa nyama au mfupa. Damu nyekundu ikiingia kwenye bomba kwa nguvu, anaweka kila kitu chini na kuagiza picha ya mishipa, kwa sababu huenda huo ni mtandao wa mishipa ya damu ndani ya mfupa. Kung'oa jino moja lililoegemea mtandao huo kunaweza kumwaga damu isiyozuilika. Sindano hiyo inapatikana katika kila zahanati.

Maabara na mipaka yake

Kinyama cha mfupa kina masharti yake. Kinatakiwa kizame kwenye fomalini ya asilimia 10, na fomalini iwe walau mara kumi ya ujazo wa kinyama; kikitiwa kwenye maji ya chumvi na kusafirishwa siku mbili, kinaoza kabla hakijafika. Kikifika, bado hakikatiki, kwani ni kigumu. Hulowekwa kwenye tindikali ili madini yatoke, kazi inayochukua siku kadhaa na wakati mwingine wiki. Ndiyo sababu majibu ya mfupa huchelewa kuliko ya nyama, na mgonjwa anayerudishwa kila wiki anapaswa kuelezwa hivyo. Tindikali kali huharakisha kazi lakini huharibu chembe za urithi, hivyo kipande ambacho kingeweza kupimwa jeni baadaye huwa kimeshapotea.

Mfano unaoonyesha mipaka ya darubini kuliko mingine yote ni ule wa seli kubwa zenye viini vingi. Granuloma ya seli kubwa, inayozuka ndani ya taya la mtoto au kijana, imejaa seli hizo. Kerubizimu imejaa seli hizohizo. Na uvimbe wa kahawia, ambao ni matokeo ya tezi za parathairoidi zilizo nyuma ya tezi ya shingo kutoa homoni kupita kiasi, nao umejaa seli hizohizo. Mtaalamu wa patholojia hata awe bingwa wa mabingwa hawezi kuyatenganisha hayo matatu kwa kutazama tu. Kinachotenganisha ni sura na historia ya ukoo, na kipimo cha damu cha kalsiamu na cha homoni ya parathairoidi. Mgonjwa wa figo wa muda mrefu aliye kwenye kusafishwa damu anaweza kupata uvimbe wa kahawia, na ukikwanguliwa bila kutibiwa homoni, unaweza kurudi. Tiba yake iko shingoni au kwenye figo, na taya hufuata.

Kipimo cha jeni kimeongeza neno lake. Kuanzia mwaka 1991 iligundulika kuwa chanzo cha displasia ya nyuzi na cha ugonjwa wa McCune na Albright, ambao huongeza mabaka ya kahawia kwenye ngozi na kubalehe mapema, ni badiliko katika jeni ya GNAS. Mwaka 2001 kerubizimu ikahusishwa na jeni ya SH3BP2. Lakini hapa pia pana mtego. Badiliko la GNAS hutokea baada ya mimba kutungwa, kwa hiyo limo katika baadhi ya seli za mwili na halimo katika nyingine. Damu inaweza kuonekana safi kabisa wakati taya limejaa ugonjwa. Lazima kipimwe kinyama chenyewe, kile ambacho tindikali haijakiharibu. Kwa sababu hiyohiyo mzazi mwenye displasia ya nyuzi hamrithishi mtoto wake ugonjwa huo, ilhali mwenye kerubizimu anaweza kumrithisha. Kwa familia inayonong'onwa mtaani kwamba imerogwa, jibu hilo lina uzito kuliko kipimo kingine chochote.

Ugonjwa usiotaka kisu

Sasa turudi kwa yule mwanamke wa miaka 45. Displasia ya simenti na mfupa huwapata zaidi wanawake weusi wa makamo, na kwa kuwa vitabu vingi vya kufundishia viliandikwa kwingine, huitwa adimu. Mara nyingi haina dalili. Huonekana kwa bahati, mgonjwa alipopigwa picha kwa ajili ya jino jingine. Mwanzoni ni madoa meusi chini ya mizizi ya meno ya mbele ya taya la chini, yanayofanana kabisa na usaha wa jino lililokufa. Miaka inavyopita madoa huanza kuwa meupe katikati, hadi yanabaki madonge meupe yenye ukingo mweusi. Katika aina yake pana huenea kwenye magego ya pande zote mbili.

Kipimo kinachotenganisha madoa hayo na usaha ni kipande cha barafu. Jino likiguswa na barafu, mgonjwa akashtuka kisha hisia ikatulia, jino hilo liko hai na kivuli kilicho chini yake hakijatokana nalo. Asiyepima huenda akachimba na kuziba mizizi ya meno manne yaliyo mazima. Anayekata kinyama ili kuhakikisha anafanya jambo baya zaidi, kwa sababu madonge hayo yana damu kidogo sana, na yakishakutana na bakteria wa kinywani yanaweza kuoza na kutoa usaha kwa muda mrefu. Huku ni kutambua ugonjwa kwa kujizuia. Umri, jinsia, mahali, barafu na picha vinatosha. Kinachobaki ni kusafisha meno vizuri, kuepuka kung'oa ovyo, na kupiga picha baada ya muda ili kufuatilia.

Kinyume chake ni uvimbe unaouma, unaokuja na kuondoka, ambao kila mara hutibiwa kwa antibayotiki na kila mara hurudi. Kwa mtoto mkubwa au kijana, kinyama kikioteshwa maabara na bakteria wasionekane, daktari anapaswa kukumbuka uvimbe wa mfupa usiotokana na vijidudu, ambamo kinga ya mwili yenyewe huuchoma mfupa. Mgonjwa aulizwe pia kuhusu mtulinga, mgongo na miguu, na vipele vya usaha viganjani na nyayoni. Ugonjwa huu hauna kipimo chake kimoja. Hupatikana kwa kuondoa mengine, na dawa zake ni za kutuliza kinga ya mwili. Hatari yake iko pande mbili: kuuita usaha na kutoa antibayotiki kwa miaka, au kuuita ugonjwa wa kinga na kumbe ni saratani au kifua kikuu cha mfupa. Hapa kinyama hakikwepeki.

Hukumu

Displasia ya simenti hutambuliwa bila kukatwa. Uvimbe wa kahawia hutambuliwa kwa damu. Displasia ya nyuzi hutambuliwa kwa picha, na kinyama huthibitisha tu. Burkitt na saratani ya mfupa haziwezi kuthibitishwa bila kinyama, na hazisubiri. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kwa yote, na anayeanza na kipimo kabla ya maswali atakuwa anabahatisha kwa gharama kubwa.

Wataalamu wa patholojia katika nchi zetu ni wachache, na mashine za CT ziko mbali na wengi. Hayo hayatarekebishwa kesho. Lakini fomu inayosindikiza kinyama inaweza kurekebishwa leo. Fomu iliyoandikwa "uvimbe wa taya, tafadhali chunguza" haimsaidii mtu. Iandikwe umri, upande, muda tangu uvimbe uanze, kama kuna ganzi, dawa anazotumia, meno yaliyong'olewa na lini, na picha ya OPG iambatanishwe, hata ikiwa ni nakala iliyotumwa kwa simu kwa njia salama na kwa ridhaa ya mgonjwa. Mtaalamu wa patholojia akipewa kinyama bila picha, ana haki ya kuiomba kabla ya kuandika jibu.

Nawe msomaji, uvimbe wa taya usioisha baada ya jino kung'olewa, meno yanayolegea bila sababu, au ganzi ya kidevu isiyoeleweka ni sababu tosha ya kuomba rufaa, na kukataa jino la pili lisiguswe mpaka picha ipigwe. Tunza kila picha na kila jibu la maabara, viende nawe kila hospitali. Na mtoto akivimba taya kwa siku chache, usisubiri wiki iishe.